Mbio ya Moteri ya Mama Zaina

Haya, sogeeni, sogeeni! Weye mwenye kombinezo safi, ile nguo ya kazi haijaona hata tone moja ya vernis ya kupaka waya, kaa mbele. Na nyinyi wa nyuma, acheni kucheka, sijaanza bado. Mulisema muzee Ramazani ameacha kazi, basi aache na maneno yake kwa karatasi, ili watoto wa atelie, hii karakana yetu, wasome. Sawa. Mukono yangu inajua waya, haijui kalamu. Miye niko nasema, sitwayen Kalume, karani wa biro, njo anaandika. Mukiona kosa, ni ya Kalume. Mukiona uongo, vilevile ni ya Kalume.

Mambo ya grade, cheo cha kazi, na ya mushahara sitasema. Grade ilikuwa inapita mbali kama ndege ya Kinshasa, tunaisikia tu. Nitasema moteri.

Siku ya kwanza niliingia atelie kule Kasuku, mutaa wa Kindu, na ufagio. Ndiyo, ufagio. Walinitafuta kwa kufagia vipande vya waya na mavumbi ya chuma. Ilikuwa wakati wa Zaire, kila muntu ni sitwayen, mwananchi, hata mwenye kufagia. Nikaona moteri moja imefunguliwa tumbo, ndani yake waya nyekundu za shaba zimelala vizuri kama nywele ya bibi-arusi. Nikasema niguse kidogo. Kumbe mwenye kuijaribu hajakata umeme. Wallahi, ile kuran ya umeme ilinirusha toka Kasuku, nikapita juu ya mto Lualaba, nikaangukia Alunguli ngambo, na kurudi nilipanda pirogue, mutumbwi, kama wasafiri wote.

Muzee Amuri, fundi mukubwa wa atelie, hakushituka hata kidogo. Aliniangalia tu, akasema:

"Umeumia?"

"Kidogo, muzee."

"Uliachia ufagio?"

Naangalia: ufagio niko nao mukononi.

"Basi huyu atafaa," akasema. "Umeme ulimupiga, chombo cha kazi hakukitupa."

Toka siku ile nikawa mutoto wake wa kazi.

Muzee Amuri alikuwa muntu mufupi, kofia yake nyeupe ya kushonwa haitoke kichwani hata akiingia chini ya mashini. Shule hakusoma, kama miye. Lakini aliweka ncha ya turnevis, bisibisi, kwa moteri, mupini kwa sikio, anafunga macho, anakwambia: "Rulma ya nyuma imekufa. Ya mbele itakufa kisha mwezi wa Ramadhani." Na ile beringi inakufa vile. Alikuwa ananusa vernis ya moteri iliyoungua, anajua ni bobina gani, ni fungu gani ya waya. Watu wengine walisema ananusa hata ni nani aliiunguza. Hiyo ni kweli, sababu mara mingi alinigeukia miye.

Nyinyi leo muko na aparei za kupima mbio zenye kuandika namba. Siye tulikuwa tunaweka alama ya chaki kwa polie ya mashini, ile gurudumu ya mukaba, mukanda wenye kuizungusha, mumoja anahesabu, mwingine anashika saa. Mashini ikizidi mbio, tunahesabu kwa mudomo mpaka ulimi unashika moto.

Sasa niwaambie vile muzee Amuri alinifundisha moteri, sababu nimeona vitabu vyenu vya michoro, na mimi mwenyewe sikuelewa kitu.

Wamama watatu wanatwanga mupunga katika kinu moja. Mumoja anashusha muchi, mwingine anafuata, na wa tatu anafuata. Wote watatu hawashuke pamoja, wakishuka pamoja watavunjana vidole. Njo waya tatu za umeme: hii inakuja, kisha ile, kisha ile. Ukizipanga kwa muviringo ndani ya moteri, nguvu ya sumaku inatembea kwa muviringo, inazunguka, inazunguka. Chuma ya katikati inaiona, inasema: nisipitwe! Inakimbia nyuma yake. Lakini haiipate hata siku moja, inabakia nyuma kidogo. "Siku itaipata," muzee Amuri alikuwa anasema, "itasimama kufurahi, na kazi itakufa." Kwa hiyo moteri ni kama muntu mwenye kufuata deni ya mbinguni: haipate, njo maana inatembea.

Na mama mumoja akichoka akienda zake? Wale wawili wanabakia kugombana na kinu. Siku moja walituita kwa mashini ya kupasua mbao, moteri inalia mmmmmm, haizunguke. Wenyewe walishachinja kuku, wanasema mashini imerogwa. Nikakuta fizibli moja, fyuzi, imekatika, waya moja haina kitu. Nikaitengeneza, mbao ikapasuka. Ile kuku tulikula. Mashini iliyopona haina haja na kuku ya uchawi.

Sasa mbio. Hapa mufungue masikio, sababu hapa njo nilipata haya ambayo nimeibeba mpaka leo.

Muzee Amuri alisema: "Hii moteri haisikie nguvu, inasikia hesabu." Hesabu ni mbili tu. Ya kwanza, umeme unacheza mara ngapi kwa sekonde. Wetu ulikuwa unacheza mara makumi tano. Ya pili, moteri iko na poli ngapi, ile milango ya sumaku wanayoipanga wakati wa kufunga bobina. "Moteri ni nyumba," alisema, "na sumaku ni mugeni mwenye kusalimia kila mulango. Milango mingi, anachelewa kumaliza nyumba. Milango michache, anaizunguka mbio." Poli ine, mizunguko karibu elfu moja mia ine makumi tano kwa dakika. Poli sita, karibu mia kenda makumi tano. Ukitaka kubadirisha mbio, badirisha milango, ao badirisha mucheza wa umeme. Basi.

Miye nikaweka ile maneno kichwani kama Kurani. Na kosa ilikuwa pale: nilifikiri imeisha.

Katika Kasuku kulikuwa mama moja mujane, Mama Zaina, mwenye mashini ya kukoboa mupunga. Watoto sita, mashini moja. Muchele wake ulikuwa unatoka muzima, mweupe, mbegu moja haijavunjika. Kwa hiyo wamama wa Kailo walikuwa wanabeba mupunga yao kichwani, wanapita Alunguli, ambako mashini ya kukoboa iko vilevile, wanaiacha, wanavuka Lualaba na pirogue kwa kufika kwake. Muntu kuvuka mto ule na kilo makumi tatu juu ya kichwa, jua kama muchele ni muzuri.

Katika mwanzo wa mavuno moteri yake ikaungua. Muzee Amuri akaipasua, akanusa, akatikisa kichwa: bobina zote majivu. Waya ya kufunga mupya ilikuwa hakuna katika Kindu nzima, hata ya kufungia kuku. Tulikuwa tunangoja mashua ya kutoka kaskazini na treni ya kutoka kusini, na vyote viwili vilikuwa vinangojana.

"Mama," muzee Amuri akamwambia, "kabla wamama wa Kailo hawajavuka siku ya soko, mashini yako itazunguka. Nimetoa neno langu."

Tukatafuta katika atelie, tukapata moteri nyingine, nguvu moja na ile. Asubuhi inayofuata muzee akapata habari ya kilio kwao Kailo, akaenda na kinga yake, ile baiskeli ya zamani. Akaniachia: "Ramazani, funga, jaribu, usiniaibishe."

Nikafunga. Nikajaribu. Mashini ikapiga kelele kama nguruwe sita ndani ya gunia moja. Naangalia muchele: si muchele, ni unga! Mbuzi wa jirani alikuja kuangalia, akapiga chafya, akaenda zake. Mama Zaina alichota kwa kiganja, akapuliza, kiganja ikabakia mutupu.

"Baba Ramazani," akasema polepole, "hii nitauzia nani? Wale wasio na meno?"

Nikafuta kibao cha moteri na mate. Elfu moja mia ine makumi tano. Ya zamani ilikuwa mia kenda makumi tano. Nilimuletea nyumba ya milango ine badala ya sita.

"Wakiona unga hii, mara moja tu," Mama Zaina akasema, "watasimama Alunguli. Na muntu akizoea kutovuka mto, nani atamurudisha?"

Ilibakia siku tatu.

Siku ya kwanza nikakumbuka grue ya port. Ile grue, winchi ya bandari ya kupakuwa mizigo, mwenye kuiendesha alikuwa anaipunguza mbio kwa rezistansi, vyuma vya kuzuia umeme, nimeona na macho yangu. Nikasema, basi na miye. Nikachukua pipa, nikatia mayi, nikatia chumvi, nikazamisha vyuma vitatu, nikapitisha umeme ndani kabla ya kufika kwa moteri. Eeh, ndugu zangu! Umeme ulifika umechoka, moteri ikaanza kulia, ikapunguza kidogo, kisha nikitia mupunga inasimama. Ikashika moto mpaka rangi inatoka mapovu. Ile pipa nayo ilichemka. Jirani mumoja mwenye akili alitaka kuweka mihogo ndani, nikamukamata mukono. Ile umeme ingemupikia na vidole.

Kumbe grue iko na moteri nyingine, ya pete. Chuma yake ya katikati iko na bobina, na umeme wake unatoka inje kwa pete tatu, ule njo unatia rezistansi. Hii ya Mama Zaina chuma yake imefungwa pande zote kama kitunga cha samaki, haina pahali pa kuingiza kidole. Ukiipunguzia nguvu, haipunguze mbio, inapunguza roho. Andikeni hiyo, ni dawa: kumunyima moteri chakula si kumufundisha kutembea polepole.

Siku ya pili nilikaa. Milango siwezi kubadirisha, waya hakuna. Inabakia nini? Inabakia mucheza wa umeme. Na umeme unazaliwa wapi? Kwa santrali, kituo cha umeme, ndani ya ile mashini kubwa ya mazutu, mafuta ya dizeli. Mashini ya mazutu ikizunguka polepole, umeme unacheza polepole. Na nani anashika mukono wa mbio kwa santrali? Feruzi! Miye na Feruzi tuliingia jando siku moja, kwa kisu kimoja. Muntu kama yule hawezi kukukatalia, anajua ulilia namna gani.

Nikaenda. Feruzi akanisikia mpaka mwisho.

"Ramazani, unataka nipunguze umeme wa Kindu."

"Kidogo. Toka makumi tano mpaka makumi tatu na munane. Hesabu inataka makumi tatu na tatu, lakini mupunga utavumilia."

"Hiyo njo kidogo?"

"Siku moja tu. Toka asubuhi mpaka jua lishuke. Mujane na watoto sita, Feruzi."

Akapanguza mikono, akaangalia vipimo vyake vya ukuta vyenye mushale, akapumua. "Na wakubwa?"

"Wakubwa wataona nini? Umeme hauonekane."

Siku ya soko, jua linapanda, miye niko kwa mashini ya Mama Zaina. Wamama wa Kailo wanafika, vitunga kichwani, na katikati yao muzee Amuri, amerudi kwa kilio, anasukuma kinga yake waliyoivusha na pirogue. Kabla hajanisalimia alisimama, akainua kidole, akasikiliza taa moja ya njia inavyolia.

"Umeme wa leo uko na homa," akasema.

Nikamueleza sikioni. Nikafikiri atanipiga. Kisha nikafungua, mashini ikazunguka, polepole, sauti ya baraka, na muchele ukashuka muzima, kama meno ya mutoto. Si mbegu zote, nisiwe muongo: mbegu moja katika elfu ilikuwa na alama kidogo. Wamama wakapiga vigelegele. Mama Zaina akakaa chini, akajifunika uso na kitambaa. Muzee Amuri akanipiga bega:

"Umeshika hesabu, mwanangu. Leo uko fundi."

Hakuna siku tamu kama ile katika kazi yangu yote. Mpaka leo nikisikia harufu ya maganda ya mupunga, ile bega inaniuma vizuri.

Lakini muji sasa. Muji!

Kwa baa ya karibu na soko walikuwa wanacheza disiki, santuri za muziki. Disiki nayo inazungushwa na moteri, na mwimbaji wa sauti nyembamba aliimba kama kiboko mwenye mafua. Wachezaji waliinua muguu moja, wakangoja ngoma ije, wengine walipata usingizi muguu ukiwa juu. Vantilateri za wazungu wa misioni, zile feni, zilikuwa zinazunguka polepole mpaka nzi anapanda juu anapumuzika. Taa zilikuwa zinakonyeza watu, bibi mumoja alimupiga bwana yake kofi akifikiri ni yeye.

Ile yote ingepita. Kilichotumaliza ni saa ya ukuta ya biro ya mukubwa wa zone, wilaya yetu.

Ile saa ilikuwa ya umeme. Haina ressort, springi ya ndani, inahesabu mucheza wa umeme tu: makumi tano, sekonde moja. Na mukubwa alishatoa amri, watu wa biro walikuwa wanazozana juu ya saa zao za mukono, akasema: saa ni moja, ya ukuta, na mwenye kuwa na saa nyingine ni mupinzani. Basi siku ile walianza kazi saa moja na nusu asubuhi. Walifanya kazi, wakafanya, njaa ikawashika, saa inasema bado. Kivuli ya muti ikapita dirisha, saa inasema bado. Kila mumoja alikuwa anaangalia mukono wake chini ya meza, anaficha mukono, ananyamaza. Nani atasema saa ya serikali inadanganya? Walipotoka, ukuta unasema saa tisa na nusu, na jua linaingia nyuma ya Kindu, kuku wamelala.

Mukubwa akasimama mulangoni na abakosti yake, ile koti ya wakubwa, akaangalia jua, akaangalia saa, akaangalia jua tena. Akasema: "Mumoja wapo kati ya hawa wawili ananidharau."

Jua hakuweza kulikamata. Akaenda santrali. Feruzi, wa kisu kimoja na miye, hakungoja hata swali la pili. "Ramazani," akasema, "kwa mashini ya Mama Zaina."

Tunaona wanakuja: mukubwa mbele, askari wawili, na biro nzima nyuma, mafaili kwapani, midomo mikavu ya njaa. Wamama wakaacha kupepeta. Mashini ikazimwa.

"Nani fundi hapa?"

"Ni miye, sitwayen."

"Na miye," muzee Amuri akasema, akasimama karibu yangu. "Neno lilikuwa langu."

"Elezeni."

Nikaeleza. Nilieleza wamama watatu na kinu. Nilieleza mugeni na milango. Nilieleza poli ine na poli sita, na pete za grue, na pipa ya chumvi. Muzee Amuri alikuwa ananisahihisha pale nimekosa. Mukubwa alisikiliza kama muntu anayesikiliza mvua juu ya bati.

"Kwa hiyo," akasema mwishoni, "mashini moja ya mama ilikuwa na mbio, nyinyi mukapunguza muji."

"Ndiyo, sitwayen. Hakukuwa njia nyingine."

"Hakukuwa?"

"Kwa sayansi, hapana," muzee Amuri akasema na kichwa juu.

"Basi nyinyi wawili kasho, gerezani. Na mashini hii ifungwe leo, iwekwe muhuri."

Mama Zaina hakulia. Alisimama mbele ya ile mashini, mikono wazi, kama vile muntu anazuia mulango wa nyumba yake. Watoto wake sita wakajipanga nyuma yake kwa urefu. Askari mumoja akatoa kamba, akaangalia mama, akaangalia mukubwa, hajui aanzie wapi. Hata Lualaba, wallahi, ilisimama kidogo.

Nisiwaweke na roho juu: hakuna muntu alilala kasho ile siku, na muhuri haukuwekwa. Mashini ilikoboa kwa miaka, na wamama wa Kailo waliendelea kuvuka. Mukubwa mwenyewe alicheka mpaka kifungo cha abakosti kikaruka, tukakitafuta ndani ya maganda ya mupunga, biro nzima imepiga magoti. Miye na muzee Amuri njo hatukucheka. Muzee alivua kofia yake, mara ya kwanza naona kichwa chake, akajipepea nayo uso. Siye mafundi wa bobina, macho yetu yalikuwa yameingia ndani ya moteri, hatukumbuke kama moteri iko na inje.

Sababu pale kwa mashini kulikuwa bibi moja wa Kailo, muzee sana, Bibi Sikuzani. Alikuwa anafunga kitunga chake, hana haja na serikali, anataka pirogue kabla ya giza. Akainama, akafuata mukaba na kidole: gurudumu ndogo ya moteri, mukaba, gurudumu ya mashini. Akageukia ile kinga ya muzee Amuri iliyoegemea ukuta, akaangalia gurudumu zake za munyororo, ndogo na kubwa. Akarudia mashini. Kisha akatuangalia siye wawili, na huruma, kama vile unaangalia watoto wamelowa:

"Ee wababa! Si munafunga tu gurudumu kubwa hapa kwa mashini, itatembea polepole. Kindu nayo iliwakosea nini?"